Wiki sita za maneno ambatani na vitenzi vya Kiingereza mjini Iringa

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni mjini Iringa, mji ambao wageni wengi huupitia wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwezi Mei mgeni mmoja, kamera ikiwa begani, aliniambia kwamba angependa "to check out the market". Nami, kwa kuwa maneno "check out" kwetu mapokezi yana maana moja tu, kulipa na kuondoka, nilimwandalia ankara na kumtuma mwenzangu akahesabu mataulo ya chumbani. Kumbe alitaka kwenda kulitazama soko. Aibu ya siku hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye darasa la jioni la kituo kimoja cha lugha hapa mjini, kwa ada ya shilingi 60,000.

Mwalimu anaijua kazi yake. Badala ya kutukaririsha orodha, alianza na kitenzi chetu cha "piga": tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, wala hakuna anayeumia. Baada ya hapo haikutushangaza tena kwamba "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta na "look down on" ni kudharau, ingawa kitenzi chenyewe ni kile kile cha kutazama. Kilichonifaa zaidi ni somo la mpangilio: "turn off the light" na "turn the light off" zote ni sahihi, lakini kiwakilishi sharti kikae katikati, "turn it off", ilhali "look after it" haikubali kugawanywa hata kidogo. Miaka minne ya sekondari nilipita bila kuambiwa hilo.

Maneno ambatani, yaani maneno mawili yaliyounganishwa kuwa moja, yalipewa jioni mbili tu. Hata hivyo nilijua kwamba "overlook" ni kutoliona jambo au kulipuuza, ilhali "look over" ni kulipitia, na kwamba "greenhouse" ya mkulima wa nyanya hukazwa sauti mwanzoni, tofauti na nyumba iliyopakwa rangi ya kijani.

Kasoro iko kwenye makaratasi tunayogawiwa, ambayo kila kitenzi yamekipa maana moja. "Take off" imeandikwa kuwa ni kuvua, basi. Mwanafunzi mwenzetu akasoma kwa sauti kwamba ndege ilivua saa nne asubuhi, darasa likaangua kicheko, na mwalimu akalazimika kutuandikisha "kupaa" pembeni kwa kalamu. Kwa ada ile nilitarajia walau sentensi mbili za mfano kwa kila neno, na nakala zisizofifia.

Saa nazo ni tatizo. Kipindi huanza saa kumi na moja na nusu, wakati ule ule wageni wanaporudi kutoka hifadhini, hivyo vipindi vitatu vilinipita. Niliomba darasa la asubuhi, nikajibiwa kwamba litafunguliwa tukitimia watu kumi. Hadi ninapoandika haya tumejiandikisha wanne.