TAHADHARI: muuza sava za mtumba anayewauzia watu draiva ya bure

Wadau mnaonunua sava yuzdi hapa Dar someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza Dell R610 na R710 kwenye magrupu ya WhatsApp, bei nzuri, picha safi, na ukienda anakuwashia mashine mbele yako Linux inapiga kazi vizuri tu. Sasa hiyo Linux ni CentOS 7, ambayo apdeti zake ziliisha Juni 30, 2024, na ameiweka makusudi kwa sababu inaitambua kadi ya RAID (inayounganisha diski na mashine) iliyomo ndani.

Ukifika ofisini ukaanza kuweka Rocky 9 (Linux mpya zaidi), instola inakwambia hakuna diski hata moja. Unampigia, anakujibu kwa upole kabisa, kaka hiyo inataka draiva ya kiwandani, laisensi yake laki mbili na nusu, tuma nikupe flashi. Dada mmoja anayesimamia kompyuta za zahanati alituma, flashi ikaja, nikaifungua mwenyewe nikakuta faili la kmod-megaraid_sas, yaani draiva inayoiwezesha Linux kuitambua kadi, kutoka ELRepo (hazina ya draiva za bure), limebadilishwa jina. Faili hilo lipo mtandaoni bure, ni GPL (laisensi huria), hakuna laisensi ya kununua hapo! Imeniuma sana maana ile ilikuwa hela ya UPS ya zahanati.

Ukweli ni kwamba kadi za RAID za Dell zinazokuja na sava hizi, PERC 6/i na H200, hazijafa. Red Hat walipotoa RHEL 8 (Linux yao) mwaka 2019 waliziondoa kadi hizo kwenye draiva zao za megaraid_sas na mpt3sas, na Rocky, inayojengwa kutokana na RHEL, inafuata nyayo hizo hizo. Keneli (kiini) ya Linux yenyewe bado inazo, ndio maana ukiweka Debian 12 diski zinaonekana bila kuhangaika, na AlmaLinux, Linux nyingine inayofuata RHEL, nao walizirudisha kwenye 9.4, Mei 2024. Unataka kubaki na Rocky? Chukua diski ya draiva ya ELRepo, iandike kwenye flashi, anzisha instola ukiongeza neno inst.dd kwenye mstari wa kuwashia, basi.

Kuna kingine kibaya zaidi. Anakuwekea PERC 6/i halafu anakuuzia na diski za TB 4, wakati kadi ile haivuki TB 2 kwa diski moja, na hapo hakuna draiva itakayokuokoa, iwe ya bure au ya kulipia.

Kabla hujalipa mwambie aandike lspci -nn, amri ya Linux inayoorodhesha kadi zilizomo na namba zake. Ukiona 1000:0060 ni PERC 6/i, 1000:0072 ndio familia ya H200. Bora zaidi nenda na flashi yako yenye toleo utakalotumia, uiwashe pale pale mpaka ufike kwenye kuchagua diski, akianza visingizio mara BIOS ina paswedi mara mteja mwingine anakuja, ondoka.

Mliokwisha tuma hela tunzeni meseji na risiti za muamala, njooni inboksi tukusanye ushahidi twende polisi pamoja. Na aliyekwama diski hazionekani anitumie matokeo ya lspci, namsaidia bure.