Ofisi ya ushauri wa vyuo vya nje, Mafiati: mpwa wangu alikwenda na E ya Fizikia

Naandika kwa ajili ya wazazi na walezi wa Mbeya, Songwe na Njombe ambao mtoto wao ana akili, anavitaka vyuo vikubwa vya Marekani, na matokeo yake yana doa. Ofisi ninayoizungumzia iko Mafiati, jijini Mbeya, ghorofa ya kwanza juu ya steshenari, ngazi zinapandia nyuma. Wapo watu wawili tu. Mmoja ni mama aliyestaafu ualimu wa sekondari, sote tunamwita Mwalimu. Mwingine ni kijana aliyesoma Marekani kwa ufadhili akarudi nyumbani. Huduma yao nimeilipia mwenyewe, na ninaipendekeza.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alimaliza kidato cha sita Mei 2023, tahasusi ya PCM. Hisabati B, Kemia C, Fizikia E. Divisheni ya pili, pointi 10. Kwa vyuo vyetu hapa nchini kozi zipo ambazo angezipata. Lakini huyu binti tangu kidato cha pili alikuwa akiniambia, "Mjomba, mimi nitasoma Marekani," na mimi niliyemlea sikuwa na moyo wa kumwambia aache kabla mtu anayejua hajaliangalia jambo lake.

Matokeo yalipotoka yeye alikuwa JKT, kambi ya Itende. Nikapanda ngazi peke yangu na karatasi niliyochapisha kwenye tovuti ya NECTA. Mwalimu aliisoma, akanirudishia, akasema, "Mzee, shikilia hii. Akitoka kambini mlete mwenyewe. Siwezi kumjua mtoto kupitia kwa mjomba wake." Hakunidai hata shilingi siku hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye ofisi nyingine mjini, sitaitaja jina, walioniambia nilipe kwanza, kisha wao wangeandika insha ya mtoto na "kuipandisha" ile Fizikia kwenye ripoti za shule. Nilifanya kazi ya hesabu mpaka nikastaafu, na mtu akiniambia atapandisha tarakimu najua kinachofuata. Tena matokeo ya NECTA yako wazi mtandaoni, shule kwa shule. Ripoti inayopingana nayo inamwharibia mtoto jina kabla hata hajasomwa.

Binti alipotoka Itende tulikwenda wote. Swali la kwanza la Mwalimu lilikuwa: "Hii E imetokea wapi?" Aliliuliza kwa upole, bila kumlaumu. Mpwa wangu akaeleza kwamba mwalimu wao wa Fizikia alihama walipokuwa kidato cha tano, na muda mrefu ukapita bila kupatikana mwingine. Wao wenyewe wakagawana mada, kila mmoja akasome yake kwenye mitihani ya miaka ya nyuma na kuja kuwafundisha wenzake jioni. Yeye alipewa mada ya umeme. Mimi mwenyewe habari hiyo sikuwa nimeisikia. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake, kisha akasema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha huduma yao: chuo kinachochagua wachache hakisomi herufi peke yake, kinasoma herufi pamoja na shule ilikotoka. Kama hakuna aliyewaeleza shule ilikuwaje, wataidhania wenyewe.

Kwa hiyo maelezo ya ile E yaliwekwa mahali pake. Vyuo vingi vya Marekani vinapokea maombi kupitia Common App, mfumo mmoja wa mtandaoni (MIT wana wa kwao). Mna insha kuu isiyozidi maneno 650, na mna sehemu nyingine ya taarifa za ziada. Mtoto mwenye doa kwenye matokeo hukimbilia kulilia hilo doa kwenye insha kuu. Mwalimu alimkataza. Habari ya mwalimu aliyehama ikaenda kwenye taarifa za ziada, sentensi chache kavu, bila kulalamika. Kisha akatutuma shuleni kumwomba mkuu wa shule aiseme pia kwenye barua yake, kwa sababu jambo la upungufu wa walimu likisemwa na shule lina uzito ambao mwanafunzi hana. Mkuu wa shule alikuwa hajawahi kujaza fomu za namna hiyo. Yule kijana alikwenda naye hatua kwa hatua kwa simu.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani ningelijua mwenyewe. Vyuo vinataka ripoti za muhula, na ripoti zetu zina asilimia. Mpwa wangu alikuwa na 72 ya Hisabati muhula mmoja, 63 ya Kemia. Hapa kwetu kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, na mwalimu akikupa 72 unatembea kifua mbele. Kule, katika shule nyingi, 63 iko ukingoni mwa kufeli. Kuna watu wanajigeuzia alama zao kuwa wastani wa Kimarekani kwa vikokotoo vya mtandaoni, wanajishusha wenyewe bila kujua. Mwalimu akasema hatugeuzi kitu. Tuliambatisha ukurasa wa shule unaoonyesha madaraja ya NECTA yalivyopangwa, na herufi zikabaki kama zilivyo.

Halafu wakaja kwenye shughuli za nje ya darasa. Mfumo ule una nafasi 10 za shughuli, na binti akaandika mbili: kwaya na klabu ya Hisabati. Akasema basi, hana zaidi. Kijana akamuuliza likizo huwa anafanya nini. "Naenda kwa babu Mbozi." Unafanya nini kwa babu? Ikatoka kidogo kidogo kwamba msimu wa kahawa ndiye anayeandika daftari la mizani kwenye AMCOS yao, yaani chama cha ushirika cha wakulima: jina la mkulima, kilo za kahawa mbivu, malipo ya awali, deni la pembejeo. Babu yake haoni vizuri, na wakulima walimwamini binti kwa kuwa aliwasomea hesabu yao kwa sauti kabla hawajatia dole gumba. Msimu mmoja aligundua mizani inapunja, akawaonyesha kwa kupima mfuko uleule mara kadhaa, ikaletwa nyingine.

Kijana aliweka kalamu chini. "Dada, hili ndilo la kwanza kwenye orodha."

Insha yake ikawa hiyo mizani. Sijui Kiingereza chake kilikuwaje mwanzoni kwa sababu mimi walinitoa nje. Wana utaratibu kwamba mzazi au mlezi hakai chumbani insha inapojadiliwa, na hawaandiki neno hata moja kwa niaba ya mtoto. Wanamuuliza maswali tu, anarudi nyumbani kuandika upya. Niliisoma ikiwa imekwisha kutumwa. Nilimsikia dada yangu humo ndani.

Kuhusu vyuo vya kuomba, hapa walimkata maini kidogo, na walifanya sawa. Orodha yake ilikuwa majina makubwa matupu. Mwalimu alimweleza kwamba Harvard inakataa zaidi ya waombaji 95 kati ya kila 100, wengi wao wakiwa na A tupu. Akamweleza na la fedha, ambalo kwa mtoto wa kwetu ni zito kuliko la alama. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin, haviangalii kama mwombaji wa nje ana fedha wakati wa kuamua kumchukua. Kwingine kote karibu kila mahali, mtoto anayeomba msaada mkubwa anapimwa na gharama yake pia, kwa hiyo mwenye E anaingia na mizigo miwili. Wakabakisha ndoto mbili tatu, zilizobaki zikawa vyuo vidogo vinavyotafuta kwa dhati wanafunzi wa nje na kuwalipia. Berea ya Kentucky iliwekwa pia: haitozi ada, wanafunzi wote hufanya kazi chuoni, na mgeni analipiwa mwaka wa kwanza. Nafasi zake kwa wageni ni chache sana, lakini ni chuo ambacho mtoto wa mkulima anaweza kukiomba bila aibu.

SAT nayo, ule mtihani wa Kiingereza na Hisabati ambao vyuo vya Marekani huutumia kupima waombaji. Vyuo vingi haviilazimishi, Bowdoin wameiacha iwe hiari tangu 1969. Lakini ushauri wao kwa mpwa wangu ulikuwa afanye, kwa sababu mwenye E ya Fizikia anahitaji karatasi nyingine inayosema kichwa cha hesabu kipo. Mtihani sasa unafanywa kwa kompyuta, na kijana alimwazima laptopu ya kujifunzia. Akapanda basi kwenda Dar es Salaam kuufanya Novemba. Upande wa Hisabati alipata 730 kati ya 800, tukaituma.

Muda wa maombi ya mapema, Novemba 1, Mwalimu aliuacha upite. Barua ya shule haikuwa tayari na alama za SAT hazijatoka. Tulituma Desemba kwa ajili ya tarehe za mwisho za Januari. Kalenda yetu inambana mtoto: mtihani Mei, JKT, matokeo Julai, na ukija kushtuka ni Septemba. Anayeweza kumpeleka mtoto akiwa kidato cha tano ampeleke, barua na ripoti zikusanywe mapema walimu wangali wanamkumbuka.

Majibu yalikuja Machi. Vingi vilimkataa, vikubwa vyote vilimkataa. Chuo kimoja kilichoko jimbo la Minnesota kilimchukua, chuo kinachokataa wengi kuliko kinaowapokea, na kikabeba ada, malazi na chakula isipokuwa kiasi ambacho mimi na babu yake wa Mbozi tunakimudu. Aliondoka Agosti 2024. Kozi yake ya kwanza ya Fizikia aliichukua kwa hiari yake mwenyewe.

Kasoro zipo na nazisema. Simu yao haipokelewi, utapiga mpaka uchoke, bora uende. Umeme ukikatika kazi inasimama kwa kuwa hawana betri ya akiba, na wiki ya mwisho ya Desemba mvua za Mbeya hazina mchezo, tukamalizia kutuma kwa bando la simu yangu. Chumba ni kidogo, watoto wanasubiri ngazini. Na kazi yao inaishia kwenye barua ya kukubaliwa. Mambo ya viza, tiketi na usaili wa ubalozini utahangaika mwenyewe, nao wangepaswa kulisema hilo siku ya kwanza, si mwishoni.

Bei: shilingi 350,000 kwa mtoto, kwa awamu mbili, ya pili baada ya maombi kutumwa. Si ndogo. Nje ya hapo kuna ada za maombi, ambazo nyingi zilisamehewa baada ya mtoto kuomba msamaha kupitia mfumo wenyewe, na fomu ya fedha inayoitwa CSS Profile, dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, ingawa vyuo kadhaa vilitupa namba ya msamaha tulipowaandikia. Waulize, usilipe kwa haraka.

Hawapokei kila mtu. Niliona mzazi akirudishwa kwa sababu mtoto mwenyewe hakutaka kwenda, baba ndiye aliyetaka. Ukienda, nenda na mtoto, ripoti zake zote za muhula hata zile mbaya, na namba ya simu ya mwalimu wa taaluma. Jumatano wamefunga.