Chupa za kahawia za matone, 30 ml, za soko la Darajani, Unguja

Kioo chake ni kizuri: kinene, rangi imeingia ndani, na mwanga hauichezei dawa. Tatizo liko juu, kwenye kifuniko chenye mpira wa kufyonzea. Ukitia ayodini ya spiriti, ile dawa ya kupaka vidonda, mpira huo hugeuka rangi, ukawa mgumu kisha ukapasuka. Mafuta ya karafuu nayo huulainisha hadi unanata vidoleni.

Mpira ukishalegea, spiriti hupaa lakini ayodini nyingi hubaki. Kwa joto la Unguja, ukiiweka karibu na jiko, ndiyo kabisa. Kilichobaki chupani kinakuwa kikali kuliko lebo inavyosema, na kinaweza kubabua ngozi. Usijaribu kuhesabu kwa matone: maji ni kama matone 20 kwa ml moja, ya spiriti ni madogo na hufika 40 au zaidi, tena ncha ya bomba ikibadilika hesabu nayo inabadilika.

Kujua kama chupa inavuja: jaza, funga, pima kwa mizani ya sonara, andika uzito na tarehe kwenye plasta. Pima tena kabla na baada ya kila matumizi. Uzito ukipungua chupa ikiwa imefungwa, inavuja. Kuongeza spiriti hadi kwenye mstari wa zamani hakurudishi kipimo, maana hujui kipi kilipaa na kipi kilimwagika. Dawa ya namna hiyo mwage.

Kwa mafuta ya kujipaka zinafaa, ila nunua vifuniko vya kuzungusha visivyo na mpira. Kwa dawa, hapana.