Ile AC ndogo ya maji ya mezani: nimeitumia Mbagala, nikaitumia na Dodoma

Mi naishi Mbagala, chumba kimoja, futi kumi kwa kumi na mbili, juu bati tupu halina hata jipsamu, dirisha moja na lenyewe limetazamana na ukuta wa jirani. Luku tunachangia wapangaji watano na mama mwenye nyumba alishasema toka siku ya kwanza habari za AC hataki kuzisikia. Sasa mwaka jana mwezi wa kwanza mwanangu alikuwa na miezi minne, joto la Dar la mwezi wa kwanza mnalijua wenyewe, mtoto akatoka vipele vya joto shingo nzima mpaka mgongoni, usiku halali na mimi silali. Ndo nikaenda Kariakoo nikanunua ile AC ndogo, ile ya boksi la plastiki unaweka juu ya stuli, ina katangi ka maji ka nusu lita, waya wa USB na taa ya bluu. Elfu arobaini na tano. Yule kaka akaniambia dada hii ni AC kabisa, weka maji, tia barafu, funga mlango na dirisha, nusu saa tu chumba kizima baridi.

Nikafanya hivohivo alivosema.

Mwanzo nilifurahi kwa kweli, maana ukiisogeza karibu, kama urefu wa mkono hivi, unasikia kaubaridi usoni, sio uongo. Nikamlaza mtoto, nikashusha chandarua, nikafunga kila kitu. Saa nane usiku nimeamka shuka lina unyevu kama limeanuliwa kabla halijakauka, hewa nzito, mtoto amelowa jasho kuliko jana yake ambayo hatukuwa na kitu chochote. Na kile kiupepo chenyewe kikifika kwenye chandarua kinafia hapohapo, ndani hakifiki. Nikazima nikafungua dirisha, roho iliniuma sana yani, hela ile ilikuwa ya matumizi ya wiki.

Ila sikutaka kuitupa bila kuelewa. Nikanunua kale kasaa kanakoonyesha joto na unyevu wa hewa nikawa naangalia. Chumbani joto lilikuwa 31, unyevu asilimia 70. Hewa inayotoka pale mdomoni kwenye mashine ilikuwa 29 na kitu. Masaa mawili milango imefungwa, unyevu ukapanda mpaka 83 na joto la chumba halijashuka hata digrii moja. Mdogo wangu anasoma fizikia chuo ndo akanikalisha chini akanielewesha, na nikaona kumbe jambo lenyewe tunalijua toka zamani ila hatuliunganishi.

Iko hivi. AC ya kweli ina gesi na kompresa, inachukua joto la ndani inaenda kulitupa nje, ndo maana lile boksi la nje ukipita karibu linapuliza moto. Hii yetu haina kompresa wala bomba la kwenda nje, ndani kuna sponji linalolowa maji na feni ndogo basi. Hewa ikipita kwenye sponji maji yanakauka, na maji yakikauka yanachukua joto la ile hewa. Ni mtungi uleule wa bibi, maji yanavuja kidogokidogo nje ya udongo, yanakauka, ya ndani yanabaki baridi. Sa kama hewa ya chumba tayari imejaa unyevu kama yetu huku pwani, maji hayakauki vizuri, na yale machache yaliyokauka yamebaki humohumo chumbani maana umefunga mlango, kwa hiyo na jasho lako nalo linakosa pa kukaukia. Yani ile kanuni ya funga kila kitu ndo inayokuharibia kabisa.

Dogo akanipigia na hesabu. Nusu lita ya maji ikikauka yote kwa masaa manne inaondoa joto la kama wati 80 hivi. Mtu mmoja aliyekaa tu ametulia anatoa joto kama wati 100. Mimi na mtoto na lile bati juu linaloshinda juani, mashine ile ingefika wapi? Na barafu nilijaribu, zile za kwenye mifuko za mia mbili, dakika ishirini thelathini zimeyeyuka umerudi ulipokuwa.

Basi ikakaa chini ya kitanda mpaka mwezi wa kumi, nikaenda Dodoma kwa dada yangu, yeye na shemeji walihamia kikazi wakati ofisi za serikali zinahamishiwa huko, wamepanga chumba na sebule kule Nkuhungu. Nikaibeba nijaribu tu. Jamani. Saa tisa mchana joto 31 kama kwetu, lakini unyevu asilimia 33, ukifua nguo saa moja tu umeanua. Nikaweka maji ya kawaida bila barafu, dirisha nimeliacha wazi kidogo, hewa ikatoka 25! Mtoto akalala mbele yake kwenye mkeka masaa mawili bila kushtuka, na tangi likaisha mapema, hapo ndo ujue inafanya kazi, maji yanaenda. Chumba kizima hakikupoa, hapana, dada alikaa upande wa pili wa sebule hakusikia kitu. Ni ya mtu mmoja na ukae karibu. Ila kwa huyo mtu mmoja ilitosha.

Kwa hiyo nyie wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, naomba mnisikilize, hela hiyo ongezea kidogo nunua feni ya stendi au pangaboi, fungua dirisha lenye nyavu. Feni haipozi hewa ila inakausha jasho na haikuongezei unyevu. Wa Dodoma, Singida, Shinyanga wakati wa kiangazi, nunueni, ila muulizeni muuzaji sponji la akiba kabla hamjalipa maana mimi sikuuliza na likaja kunisumbua.

Hilo la sponji ni muhimu. Mbagala nilikuwa naweka maji ya kisima, yale ya chumvi, wiki mbili tu sponji likawa gumu lina ukoko mweupe. Nikaliloweka kwenye maji ya limao likarudi kidogo. Na usiache maji yamelala ndani, siku ya pili tu yananuka na ile harufu unapuliziwa usoni, na mwenye mtoto mchanga hilo usifanye mchezo nalo. Mwaga, anika, kesho weka mengine. Umeme kwa kweli haina neno, ni wati 10 tu, masaa kumi haimalizi hata robo ya uniti, hata kwa pawabenki inatembea, umeme ukikatika inaendelea.

Vipele vya mwanangu viliisha kwa kuogeshwa mara tatu kwa siku, nguo nyepesi za pamba na feni ya stendi niliyonunua mwezi wa pili. Mashine nilimwachia dada. Mwezi wa kumi na mbili mvua zilivoanza Dodoma akanipigia, mbona siku hizi haipozi tena, imeharibika? Nikamwambia haijaharibika, hewa ya huko sasa hivi imekuwa kama ya kwetu, atoe sponji alianike vizuri, aifungie kabatini mpaka mwezi wa tisa.