Darasa la Jumamosi la nakshi na utenzi, Langoni Lamu: nyota 4

Miezi mitatu sasa nampeleka kijana wangu wa gredi ya 6 kwa yule maalim wa Langoni, na vile mnavonijazia inboksi mkiniuliza habari za darasa lake wacha niandike hapa mara moja tuishe.

Kwanza mjue si chuo, ni karakana ya milango. Vumbi la mbao kila mahali, watoto wanakaa mkekani, mwenye pua mbovu kama mie utapiga chafya mpaka uondoke. Sh 200 kwa Jumamosi, usipoenda hulipi.

Kijana hesabu za sehemu zilikuwa hazimuingii, tuisheni nimelipa mpaka nikachoka nikaambiwa ni mvivu tu. Siku ya kwanza maalim hakumpa kitabu, alimpa bikari na kipande cha ubao, chora duara, haya sasa usiipanue wala usiibane, zunguka nayo ukingoni utie alama. Ikaingia mara 6 kamili. Akapiga tao kutoka kila alama likatoka ua, lile lile la milango anayoipita kila siku akienda skuli. Majani mawili katika 6 ni nini? Thuluthi, kajibu papo hapo, na mie mlangoni na buibui langu limejaa vumbi nacheka peke yangu.

Alafu utenzi. Ubeti vipande 4, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina kinachorudi mpaka mwisho, wanahesabu kwa kugonga ubao kwa mpini wa patasi, kelele yake msiniulize. Anawaeleza habari za Mwana Kupona, yule mtunzi wa tenzi wa zamani, kwamba 1858 alikuwa mgonjwa na ana binti wa kumuusia, basi akamfundisha kwa utenzi.

Nilimuuliza maalim mwenyewe imekuaje akawa fundi na mwalimu. Babake alifariki yuko fomu 2, karo ikakosekana, akaingia karakana kwa ami yake, miaka 4 hajashika kalamu. Ami alikuwa akichonga huku anatunga, na yeye ndo wa kumhifadhia beti kichwani, humo humo hamu ya kusoma ikarudi, akafanya KCSE, mtihani wa fomu 4, kivyake, akaenda chuo cha ualimu. Kanieleza kwa dakika mbili akinoa patasi, hata hakuinua kichwa. "Dada, pale anapokwama mwanao ndipo nilipokwama mie, napajua." Basi, akauliza bei ya samaki. Kuna wanaotundika shida zao kwenye bango wapate wateja, huyu usipouliza huambiwi.

Nyota nimeitoa wapi? Saa tatu yake ni saa nne kasorobo. Watoto 19 mtu mmoja, kijana alijikata kidole gumba plasta hakuna, tukatuma dukani. Na wasichana alikuwa akiwaweka kwenye utenzi tu, nikamwambia, akasema wazee wao hawataki, nikamwambia umewauliza? Wiki ya pili wawili walishika patasi.

Mkienda bebeni kitambaa cha kukalia na plasta zenu. Na nyumbani ficheni mbuzi za nazi, yangu sa hivi ina ua la majani 6 pale pa kukalia na sikuliomba.