Mayonezi ya Kijapani: ipi ununue, kwa mapishi gani

Kabla ya kuuliza bei, geuza chupa usome viungo na nchi ilikotengenezwa. Chupa mbili za Kewpie, chapa maarufu ya mayonezi ya Kijapani, zenye kifuniko kilekile chekundu zinaweza kuwa na ladha tofauti kabisa.

1. Kewpie ya Japani. Imo sokoni tangu 1925, na hutumia kiini cha yai bila ute. Ndiyo sababu ni nzito na ya manjano. Glutameti (MSG, kiungo cha kukoleza ladha) inaikoleza. Itambue kwa maandishi ya Kijapani na chupa laini iliyovalishwa mfuko wa plastiki. Ukiwa na pesa ya chupa moja tu, chukua hii.

Itie juu ya okonomiyaki (chapati nene ya kabichi) au takoyaki (vitumbua vya pweza) baada ya kuepua; ikichemka, mafuta hujitenga na kutiririka. Kwenye wali wa kukaanga, kujitenga huko ndiko kunakotakiwa: changanya vikombe 2 vya wali uliopoa na kijiko 1 cha chakula cha mayonezi, ndipo utie kikaangoni bila mafuta mengine. Kila punje hupata mafuta yake na wali haugandamani. Kwa sandwichi, chemsha mayai 4 kwa dakika 11, yaponde, tia vijiko 3 vya chakula vya mayonezi na chumvi kidogo.

2. Kewpie ya Malaysia. Ina nembo ya halali. Kwa nyumba inayojali hilo, hii ndiyo nambari moja.

3. Ajinomoto, chapa nyingine ya Kijapani. Inatumia yai zima, kwa hiyo ladha yake ni nyepesi na haifuniki viungo vingine. Nzuri kwa saladi ya viazi. Ponda viazi vikiwa moto, nyunyiza siki na chumvi, kisha subiri vipoe. Mayonezi juu ya viazi vya moto huyeyuka na saladi hutoa mafuta. Matango yatie chumvi kwa dakika 10 na uyakamue, la sivyo saladi itajaa maji.

4. Kewpie ya Marekani. Badala ya glutameti ina dondoo ya hamira, na utamu wake unasikika zaidi. Haifai kulipiwa bei ya ile ya Japani.

5. Kewpie Half. Kalori ni nusu, lakini kwa kanuni za Japani hiyo si mayonezi tena, maana mafuta hayafiki asilimia 65. Kwa mboga mbichi inatosha. Kikaangoni inanata, usijaribu.

Zote zikikosekana, chukua kikombe 1 cha mayonezi ya kawaida, siki ya mchele vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chai na glutameti robo kijiko cha chai. Itakaribia, ingawa uzito wa kiini hautaupata.

Ukishafungua, minya hewa itoke, funga, weka kwenye mlango wa friji na uimalize ndani ya mwezi mmoja. Usiiweke karibu na friza: ikiganda, mafuta na maji huachana, na kutikisa chupa hakuvirudishi pamoja.