Mwenyewe Yuko Wapi? Uzoefu Wangu na Mkopo wa Nyumba Jijini Mwanza

Nianze kwa kukiri kwamba leo ninaishi katika nyumba niliyoipata kwa mkopo huu ninaotaka kuulalamikia, kwa hiyo anayeona kwamba sina shukrani na aseme mapema tumalizane. Nyumba yenyewe iko Buswelu, ina vyumba viwili na sebule, mvua ikinyesha usiku hainiamshi kuhamisha magodoro, na tangu nihamie sijampelekea mtu yeyote kodi ya miezi sita. Hata hivyo, kila nipitapo mbele ya tawi lile la benki mjini, moyo hunienda mbio, wala si kwa furaha.

Riba, kianzio na muda wa marejesho sitavieleza, kwa kuwa vyote vimeandikwa kwenye vipeperushi vilivyopangwa mlangoni pao. Nitasema tu kilichonivuta. Mimi ni muuguzi, mtumishi wa umma, na kwa miaka mingi nilipanga Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako ndoo ya maji hupanda kwa kichwa na mgonjwa hushuka kwa mgongo wa mwanawe. Mshahara wangu hupita mikononi mwa wengi kabla haujanifikia: PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, huchukua asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kuna kodi, kisha Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya shahada niliyoisoma ukubwani. Juu ya hayo ipo ile kanuni inayotaka mtumishi abaki angalau na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Mtu wa hali yangu akipewa mkopo wa miaka mitatu au minne hapati nyumba, anapata mabati. Ndiyo maana nilichangamka nilipoelezwa habari za TMRC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2010 chini ya mpango wa serikali uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambayo haimkopeshi mtu mmoja mmoja bali huzipa benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kumvumilia mkopaji kwa miaka 15, 20, hata 25. Mama yangu, anayeikumbuka ile Benki ya Nyumba iliyofungwa mwaka 1995, aliniuliza kama hii nayo haitakufa kabla sijamaliza kulipa. Nilimcheka. Sikujua kwamba tatizo langu halingekuwa uhai wa benki, bali ulimi wa kijana mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa mwaka juzi, masika yakielekea mwisho. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani na kwenda na faili lililokamilika kwa kadiri nilivyoelekezwa: hati za mshahara, barua ya mwajiri, kitambulisho cha taifa, barua ya mtaa, mkataba wa awali na muuzaji, pamoja na ripoti ya mthamini niliyoilipia kwa fedha yangu. Kijana wa dawati la mikopo, tai shingoni, alipekua karatasi moja moja huku akiitikia kwa kichwa, mpaka alipofika kwenye fomu ya ridhaa ya mwenza, ambayo nilikuwa nimeiacha wazi. Mahali pa hali ya ndoa palikuwa na visanduku vinne, ameolewa, hajaolewa, mtalaka na mjane, na kwa kuwa sikujiona katika hata kimoja, niliandika pembeni kwa kalamu kwamba tumetengana.

Aliinua uso akaniuliza, "Mama, mwenyewe yuko wapi?"

Nikamjibu, "Mwenyewe ndiye mimi, mwanangu."

Akacheka, akamgeukia mwenzake wa dawati la pili kana kwamba anamwomba ushahidi. "Namaanisha mzee wa nyumba. Mwambie aje na kitambulisho na picha mbili."

"Hayupo."

"Hayupo mjini, au hayupo duniani?"

Nyuma yangu walikuwa wamekaa watu wasiopungua kumi, na mmoja wao ni mama ambaye nilimzalisha mtoto wake wa pili kwa mikono yangu hii. Wote walinyamaza ili wasikie jibu. Nililazimika kueleza, kwa sauti ambayo sikuweza kuishusha kwa kuwa kioo kile kinataka upaze sauti, kwamba baba wa watoto wangu alikwenda visiwani kufuata sangara miaka tisa iliyopita, kwamba huko alipata mke mwingine, na kwamba anayelisha, kuvisha na kusomesha ni mimi. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanirudishia faili kwa kulisukuma na ncha ya kalamu, kama mtu anayesogeza sahani iliyoliwa na paka, akasema, "Basi mfuate huko huko asaini. Bila mwenyewe hatuwezi kukukopesha." Akamwita anayefuata.

Nililia kwenye daladala kuanzia mjini hadi Buzuruga, jambo ambalo sikulifanya hata siku mwanamume yule alipofunga begi lake.

Nilimfuata. Msinilaumu, nilikuwa nimeshalipa mthamini, na muuzaji alikuwa amenipa miezi mitatu. Nilipanda meli hadi Nansio, nikalala kwa mama mdogo, kesho yake nikavuka kwa boti ya injini hadi kisiwa kimoja cha nyuma ambacho kila jiwe lake limeanikwa dagaa. Baba Kulwa alinipokea vizuri, sitamsingizia. Mkewe alinipa uji. Lakini alipoielewa fomu inataka nini, alikaa kimya kidogo, akasema kwamba sahihi ataweka, ila hati ya nyumba iandikwe majina mawili. Nilimuuliza kwa mchango upi. Akaniambia kwamba yeye ndiye baba wa watoto. Nilirudi Mwanza na fomu ile ile, sasa ikinuka dagaa, bila sahihi yoyote.

Hapa ndipo sharti linalotakiwa kumlinda mwanamke lilipogeuka kuwa kamba mikononi mwa mwanamume aliyemkimbia. Sisemi kwamba sharti ni baya. Mimi mwenyewe nimewauguza wanawake waliopandwa na presha baada ya kuamka na kukuta dalali wa mnada mlangoni, nyumba imewekwa rehani na mume kimyakimya, deni lenyewe limeishia wasikokujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mtu kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ninaiunga mkono kwa mikono miwili. Kilichonichoma ni kwamba hakuna aliyenisomea sheria hiyo siku ile. Niliulizwa tu mwenyewe yuko wapi, kana kwamba mimi ni mtumwa niliyetumwa dukani na ambaye hana kauli juu ya anachonunua.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa nimeshakata tamaa na muuzaji ameshapandisha bei kwa milioni tatu, nilirudi kuchukua faili langu ili nilichome moto. Kijana hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama mmoja mtu mzima, mwanasheria wa benki, ambaye chumba chake kiko hatua kumi kutoka dawati lile. Nilipomwambia kwamba nimekuja kuchukua karatasi zangu, aliuliza kwa nini, akanifungulia mlango, akaufunga, akanikaribisha kiti. Ule mlango uliofungwa sitausahau.

Alinieleza kwa muda usiozidi dakika ishirini. Kwanza, kwamba hata bila cheti mimi nisijiite asiyeolewa, kwa kuwa nililipiwa mahari kwa mila zetu za Kisukuma na sheria inaitambua ndoa ya kimila. Na hata pasipo mahari, watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa ni wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Nilianza kuishiwa nguvu. Pili, kwamba nyumba ya ndoa maana yake ni ile ambayo mume na mke kwa kawaida wanaishi pamoja, na nyumba ninayoinunua leo, ambayo mume hajawahi kuikanyaga, haiwezi kuitwa hivyo kwa sababu tu aliwahi kunioa. Tatu, kwamba marekebisho ya sheria za mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 yanamtaka mkopaji aseme ukweli kama ana mwenza au hana, na yanaitaka benki ichukue hatua za kawaida kuhakiki, ambapo hati ya kiapo hutumika. Kwa maneno mengine, nilihitaji kwenda kwa wakili kuapa kwamba nina mume, kwamba alinitelekeza, kwamba nyumba hii si yake wala hajawahi kuishi humo, pamoja na barua ya mtaa inayounga mkono maelezo hayo. Kiapo kilinigharimu elfu thelathini. Nauli ya visiwani peke yake ilizidi hapo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, tena kwa namna iliyonishangaza. Mkopo ulipitishwa, makato yakaanza kuonekana kwenye hati ya mshahara, theluthi yangu ikabaki salama ingawa imekonda, na hakuna aliyeniomba chochote chini ya meza. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa kuwa mpango wenyewe kwa kweli unamfikia mtu wa chini akivumilia, na sijui njia nyingine ambayo ingenitoa Mabatini kabla sijastaafu. Sasa nikikumbuka ile kalamu iliyosukuma faili, ninapunguza moja. Na nikikumbuka kwamba jibu la tatizo langu lilikuwa hatua kumi tu, nyuma ya mlango ambao kijana yule aliuona kila siku, ninashindwa kuelewa hata hizo mbili ninazitoa kwa sababu gani. Labda moja ni ya yule mama. Ya pili ichukueni kuwa ni ya sakafu ya nyumba, ambayo ni nzuri.

Mwezi uliopita muuguzi mwenzangu, binti mwenye watoto wawili na historia inayofanana na yangu, aliniuliza kama aende. Nilimwambia aende. Kisha nikamwambia asiende. Mwishowe nikamwambia aende, ila asikae kwenye kiti cha dawati kabla hajauliza chumba cha mwanasheria, na kwenye sehemu ya hali ya ndoa asiache nafasi wazi wala asiandike pembeni kama mimi, bali aende na kiapo mkononi tangu siku ya kwanza.

Limebaki jambo moja. Kwa kuwa nilicheleweshwa, ripoti ya kwanza ya uthamini ilihesabiwa kuwa imepitwa na wakati, nikatakiwa kumlipa mthamini kwa mara ya pili kwa nyumba ile ile, ambayo haikuwa imeongezewa hata tofali moja. Nimeandika barua mbili kuomba benki inirudishie gharama hiyo, kwa kuwa kosa la kunituma visiwani lilikuwa la kwao, na barua zote mbili zimepokelewa kwa muhuri na hazijajibiwa. Risiti ninayo. Jumatatu nikitoka zamu nitaipeleka kwa mara ya tatu.